Begi lililoachwa wazi

Pesa za jezi zilipotea Jumatano moja, kati ya mapumziko na kipindi cha tano. Zilikuwa shilingi 18,000, noti za elfu moja na elfu mbili, zimekunjwa ndani ya daftari la kiranja wa Kidato cha Pili C. Mwalimu wa darasa nilikuwa mimi. Nilifunga mlango, nikawaambia wote wasimame pembeni ya madawati, nikaanza kupekua mabegi.

Sikuanzia mbele. Sikuanzia mlangoni nilipokuwa nimesimama. Nilivuka safu tatu za madawati nikaenda moja kwa moja kwa mvulana mmoja aliyekaa karibu na dirisha la nyuma.

Begi lake lilikuwa la kijani lililopauka kwa jua. Ndani mlikuwa na madaftari matano yaliyofunikwa kwa gazeti, rula iliyokatika katikati, kalamu mbili, ugali wa mtama uliopoa umefungwa kwenye kitambaa, na jozi ya katambuga. Nilizishika zile katambuga bila kuelewa, kisha nikatazama miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya shule, visafi kuliko vya wengi mle darasani. Kumbe njia nzima anatembea na katambuga, na viatu anavivaa akifika getini, ili visichakae.

Nilirudisha kitu kimoja kimoja. Nikaendelea na mabegi ya wengine, kwa haraka, kama mtu anayemalizia kazi ambayo jibu lake ameshalijua. Pesa hazikuonekana. Mpaka leo hazijaonekana.

Kesho yake asubuhi, nilipoingia kuita majina, begi la kijani lilikuwa juu ya dawati, limefunguliwa, mdomo wake umeelekea kwangu. Keshokutwa vilevile. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mvulana yule ni Mbarbaig, mtoto wa wafugaji. Huku kwetu Dodoma, na Singida, na Manyara, watu wengi huwaita Mang'ati, na wengi wetu tunalitamka jina hilo bila kujua kwamba limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni adui. Nimelisikia uwanjani likitamkwa kwa sauti ya kawaida kabisa, hata ya kirafiki: "We Mang'ati, lete mpira." Mtoto anageuka na kuitika. Anaitwa adui, na anaitika.

Naandika haya kwa sababu mimi, kuliko walimu wengi, nilipaswa kujua.

Mimi ni Mgogo, mzaliwa wa Bahi. Sekondari nilisoma mkoa mwingine, mbali na nyumbani, kwenye shule ya bweni yenye wasichana kutoka kila kona ya nchi. Mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa mwalimu mzuri, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Alikuwa akija usiku wakati wa prepu kuwaelekeza walioshindwa kuchora ramani. Lakini kila somo lilipofika kwenye ukame wa kanda ya kati alinitazama na kusema, "Ndugu zake huyu, mvua ikikosekana wanapanda treni kwenda Dar kuomba." Darasa zima liligeuka. Siku moja akaniita kwa jina la mzee mmoja aliyevuma Dar es Salaam kwa kuombaomba barabarani, na jina hilo likanifuata miaka minne, bwenini, bwaloni, kwenye foleni ya maji.

Halafu kulikuwa na suala la r. Sisi tuliokulia kwenye Cigogo, herufi hiyo hutuponyoka, inakuwa l. Nikisema "habali" wenzangu walirudia kwa pamoja. Basi nikajifunza kuchagua maneno yasiyo na r. Badala ya barabara nilisema njia. Badala ya nimerudi nilisema nimekuja tena. Hebu fikiria mtoto wa miaka 14 anayejua jibu la swali, mkono uko tayari kupanda, lakini kwanza anapitia sentensi yake yote kichwani kutafuta r imejificha wapi. Akimaliza, mwingine ameshajibu. Kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka mwalimu wa darasa aliandika: "Mpole, hashiriki."

Watu wataniambia ule ulikuwa utani tu. Utani naujua, nimekulia ndani yake. Mgogo na Mnyamwezi, Mgogo na Mhehe, watachambuana msibani mpaka wafiwa wenyewe wacheke, na mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Lakini utani una sharti lake: unarudishwa. Mtani akinirushia neno, nami namrushia langu, na wote tunaondoka tukiwa sawa. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza atamrudishia nini mwalimu mwenye fimbo na kalamu nyekundu? Neno linalokwenda upande mmoja tu si utani tena. Tumelichukua jambo zuri la wazee wetu tukalifanya kifuniko.

Na hilo la kuomba, hakuna shule iliyonifundisha lilikotoka. Nililipata kwa bibi yangu, ambaye naye alilisikia kwa mama yake: Mtunya. Ndivyo Wagogo walivyoiita njaa kubwa iliyoipiga Ugogo kuanzia 1918 hadi 1920. Nilipoingia chuo nikalikuta kwenye vitabu vya historia, na maelezo yake yakaniumiza kwa namna nyingine. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa kwenye ardhi yetu, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Waingereza wakaiteka Dodoma, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Watu walioishi karne nyingi na ukame, kwa kuhamisha mifugo, kuweka akiba ghalani na kukopeshana ng'ombe kati ya koo na koo, walinyang'anywa kila kilichowavusha. Mvua ilipokosekana baada ya hapo, hapakuwa na cha kushikilia. Mtu anayesimama mbele ya darasa na kusema kwamba kuomba ni tabia ya Mgogo anayaruka yote hayo. Sidhani mwalimu wangu alikusudia kuyaruka. Hakuyajua, na mtaala haukumdai ayajue.

Wabarbaig nao wana habari yao. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya Serikali, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua makumi ya maelfu ya ekari za malisho yao kule Hanang. Familia zikatawanyika na mifugo kutafuta pa kuchungia. Zinapofika kijiji kipya, zinafika kama wageni, na mgeni mwenye ng'ombe na fimbo hutazamwa kwa shaka kabla hajafungua kinywa. Mtoto wa familia hiyo anaingia darasani kwangu na shaka hiyo imeshamtangulia, imekaa kwenye dawati lake, inamsubiri.

Baada ya siku ile ya mabegi nilirudi kwenye madaftari yangu ya chuo. Kulikuwa na somo la saikolojia ya elimu nililolifaulu vizuri na kulisahau. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakiongozwa na Walter Gilliam, waliwaonyesha walimu wa shule za awali video ya watoto wanne wakicheza: mvulana na msichana Weusi, mvulana na msichana Weupe. Waliwaambia watafute dalili za utundu unaoanza. Kifaa maalumu kilifuatilia mboni za macho yao. Ukweli ni kwamba kwenye video hiyo hapakuwa na utundu wowote. Lakini macho ya walimu yalikaa zaidi kwa watoto Weusi, hasa yule mvulana. Na walimu Weusi nao walimtazama hivyohivyo.

Chuoni nilipolisoma hilo la mwisho nililipigia mstari na kuandika pembeni, "Inawezekanaje?" Sasa najua inawezekanaje. Nilivuka safu tatu za madawati.

Wamarekani wana takwimu zinazotisha katika jambo hili. Wizara yao ya elimu ilitoa takwimu mwaka 2014: watoto Weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto wa shule za awali za umma, lakini miongoni mwa waliosimamishwa zaidi ya mara moja walikuwa asilimia 48. Tunazungumzia watoto wa miaka minne. Miaka mingi kabla yake, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto Weusi wanasesere, mmoja mweupe na mwingine wa kahawia, wakawauliza yupi mzuri na yupi mbaya. Wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri. Utafiti huo ulitumika katika kesi ya Brown iliyofanya Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1954, iseme kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Nikiwafikiria wale watoto na wanasesere wao namkumbuka yule msichana aliyekuwa akitafuta maneno yasiyo na r. Hakuna aliyemkataza kusema. Alishajikataza mwenyewe.

Sisemi kwamba Dodoma ni Mississippi, lile jimbo la Marekani lililovuma kwa ubaguzi wa rangi. Marekani kuna utumwa wa karne nyingi, sheria zilizoandikwa, mitaa iliyogawanywa kwa rangi, na shule ambazo sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya majengo ya eneo lenyewe, hivyo mtaa maskini hupata shule maskini. Yale ni yao na yana uzito wake. Hapa kwetu mwalimu na mwanafunzi wana rangi moja. Ila na sisi tumewahi kuwa na ngazi ya rangi: chini ya Waingereza kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Uhuru ndio uliozifuta.

Hili la macho ya walimu, na takwimu zile za Marekani, nililisema kwenye kikao cha walimu, na mwalimu mmoja mkubwa kwangu kwa umri na kwa cheo akanijibu kwa upole, "Mwanangu, usituletee ya Marekani. Hapa hatuna ukabila. Tangu nimeanza kazi sijawahi kumuuliza mtoto kabila lake."

Na ni kweli, hajawahi. Namheshimu, na ninajua thamani ya anachokilinda. Kizazi chake kilipangiwa kazi mikoa ya mbali makusudi, Mhaya akafundisha Mtwara na Mmakonde akafundisha Mara, na Kiswahili kikatufanya watu wamoja kwa namna ambayo majirani zetu wengi hawakuijaliwa. Nisingependa kuona safu ya "kabila" kwenye rejista ya shule hata siku moja. Lakini kutouliza kabila hakumaanishi kwamba hatulijui. Tunalijua kwa jina, kwa lafudhi, kwa alama za usoni, kwa katambuga. Tunalijua, hatuliulizi, na kwa kuwa hatuliulizi hatuhesabu.

Baada ya kikao kile nikaomba kuona kitabu cha adhabu. Kwa wasio walimu: kanuni zinataka viboko vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi kazi hiyo, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe jina, kosa na idadi. Nilikaa nacho mchana mzima chini ya mwarobaini. Jina la mvulana wangu lilikuwemo mara sita katika muhula mmoja. Nilitegemea kukuta ugomvi, au matusi. Mara zote sita kosa lilikuwa lilelile: kuchelewa.

Kengele yetu inagongwa saa moja na nusu. Anayekaa mjini, kwenye nyumba yenye umeme, mita mia tano kutoka getini, kengele hiyo ni yake. Anayelala kwenye boma na kukama ng'ombe gizani kabla ya kuanza kutembea, kengele hiyo ni yake pia. Sheria ni moja, hakuna aliyeandikiwa ya peke yake, na mwalimu wa zamu anayesimama getini na fimbo hamchukii mtu. Lakini fungua kitabu usome majina ya waliochelewa mwaka mzima na utaona vijiji vilevile, koo zilezile. Halafu kwenye kikao cha nidhamu mtu anasema, "Hawa watoto wa wafugaji ni wakorofi, angalia kitabu." Kitabu kinageuka ushahidi. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya ubaguzi wa kimfumo, jambo ambalo kabla yake lilikuwa jibu la mtihani tu. Unaweza kuwa na shule yenye walimu wema watupu na bado mtoto mmoja akachapwa mara sita kwa sababu ya mahali anapolala.

Mikondo nayo ni hivyohivyo. Kidato cha Kwanza kinapofika tunawapa jaribio la Kiingereza na kuwagawa A, B na C. Waliotoka shule za msingi za Kiingereza, za kulipia, wanaingia A. Waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, wengine wakiwa wamekikuta Kiswahili chenyewe darasa la kwanza baada ya kuzaliwa kwenye Cigogo, Kisandawe au Kibarbaig, wanaingia C. Mwalimu wa Hisabati ni mmoja, na akibanwa na vipindi, C ndiyo inayokosa. Tangu ada ilipofutwa Januari 2016 madarasa yamejaa, jambo la heri, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mtoto wa Kisandawe kutoka Chemba akisimama kusoma, wenzake wanagonga ndimi kuiga lugha ya kwao, yenye sauti ambazo wataalamu wa isimu husafiri kutoka mbali kuja kuzisikiliza. Mimi husikia na kuwanyamazisha. Kuwanyamazisha hakutoshi, lakini nimewahi kuwa na kipindi ambacho hata hilo sikulifanya.

Kuna siku tulimwita mzazi wa mvulana yule kwa barua. Mama yake alikuja siku moja baada ya tarehe iliyoandikwa, akaketi chini, nje ya ofisi, ingawa benchi lilikuwepo. Mwalimu mmoja akapita akasema kwa sauti ya chini, "Hawa hawajali elimu, hata tarehe hawaheshimu." Nilitoka nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia huku akijaribu kusimama. Nikakaa naye palepale chini. Ile barua alikuwa nayo, imekunjwa mara nne, kwenye fundo la shuka. Ilisubiri nyumbani siku mbili mpaka akapatikana mtu wa kuisoma, kisha akatembea. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, mwanangu amekosa nini?" Alikuwa ametembea asubuhi nzima akijiuliza hilo. Barua ilihusu mkutano wa wazazi.

Mambo niliyobadilisha ni machache na sijui yatafika wapi. Nilichora ramani ya madawati, nikamwomba mwenzangu akae nyuma kipindi kizima na kuweka alama kila ninapomuuliza mwanafunzi. Alama zilijaa mbele na katikati. Kwenye dirisha la nyuma hapakuwa na hata moja, isipokuwa nilipotaka mtu wa kufuta ubao. Nikakumbuka pia utafiti wa Mary Budd Rowe, Mmarekani, aliyepima muda ambao mwalimu husubiri jibu baada ya kuuliza: kwa kawaida ni kama sekunde moja tu, na wanafunzi wanaodhaniwa dhaifu husubiriwa muda mfupi zaidi ya wenzao. Siku hizi nahesabu kimyakimya mpaka tano. Sekunde tano ni ndefu sana darasani. Lakini ndani ya hizo tano kuna mtoto anayetafuta r yake ilikojificha. Na kwa waliochelewa kutoka mbali, mkuu wa shule amekubali waingie darasani moja kwa moja, tukae na wazazi kutafuta njia nyingine. Si walimu wote waliofurahi.

Kwa mvulana yule niliomba radhi. Nilimwita wakati wa mapumziko, tukasimama kwenye kivuli cha jengo, nikamwambia kwamba siku ile nilikwenda kwake kwanza bila sababu, na kwamba nilikosea. Alitazama chini. Akasema, "Hamna shida, mwalimu," haraka, kama mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Nikamwambia, "Begi lako funga. Hakuna atakayelipekua." Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu."

Siku hiyo mchana lilikuwa limefungwa, liko chini ya dawati kama ya wengine. Asubuhi iliyofuata nilipoingia kuita majina lilikuwa juu ya dawati, zipu imevutwa mpaka mwisho, na lile fundo la ugali ameliweka kando ili nione mpaka chini.